Nyayo za Vumbi katika Nuru ya Kale

Ndugu zangu, mwenye miwani ya jua ile inayokata mng'ao aishike mbele ya skrini ya simu, aizungushe polepole. Mmeona? Kuna mahali skrini inakuwa nyeusi. Mwanga wake unatetemeka kwa mwelekeo mmoja, na miwani ikikaa kinyume, haupiti.

Darubini ya BICEP2 ilifanya kazi hiyo hiyo huko Ncha ya Kusini, kuanzia 2010 hadi 2012. Upana wa tundu lake ulikuwa sentimita 26 tu, kama sahani ya wali! Ndani mlikuwa na vitambuzi 512 vilivyopangwa viwili viwili: kimoja kinasoma mtetemo wa wima, mwenzake wa mlalo. Vilikuwa vikitazama nuru iliyoanza safari miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, ambayo leo imepoa hadi Kelvini 2.7, karibu kabisa na baridi ya mwisho. Wanasayansi wake walikwenda kule kwa sababu hewa ni kavu. Mvuke wa maji huimeza nuru hiyo.

Sasa, ikiwa ulimwengu ulifutuka ghafla hapo mwanzo kabisa, mawimbi ya uvutano ya wakati ule, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, yangeacha alama: mielekeo ya mtetemo ingejisokota angani, kushoto na kulia. Tarehe 17 Machi 2014 wakatangaza wameiona. Kipimo cha nguvu ya mawimbi hayo, kiitwacho r, kilikuwa 0.2. Siku ile mimi sikulala.

Lakini kuna vumbi. Punje za vumbi katika galaksi yetu hujipanga kwa kufuata usumaku wake, na mwanga wa joto lake nao hujisokota vilevile. BICEP2 ilipima masafa, yaani kasi ya mtetemo wa nuru, ya gigahezi 150 peke yake, na kwa masafa mamoja huwezi kutenganisha alama ya vumbi na ya mawimbi. Chombo cha angani cha Ulaya, Planck, kilipima mielekeo ya mtetemo hadi gigahezi 353, ambako vumbi hung'aa sana. Makundi yote mawili yakaunganisha vipimo, na mwanzoni mwa 2015 jibu likatoka: r haizidi 0.12, na sehemu kubwa ya alama ni vumbi.

Niwaombe msiwaite waongo. Nyayo walizoziona zipo kweli. Walikosea tu kumtambua mwenye nyayo.

Kundi hilo halikuondoka Ncha ya Kusini. Liliongeza masafa ya gigahezi 95 na 220, na mwaka 2021 likashusha kikomo cha r hadi 0.036. Mawimbi yenyewe bado hayajaonekana, ila nadharia kadhaa za mfutuko, zikiwemo zile rahisi zilizopendwa sana, zimeshaanguka.