Kauri ndani ya maandishi: herufi 貝

Waheshimiwa wasikilizaji, herufi ninayoileta mbele yenu leo ni 貝, ambayo kwa Kichina hutamkwa bei, na Mswahili akiisikia atadhani amekwisha kuielewa. Neno letu bei lina asili ya Kiarabu, na kufanana huko ni sadfa tupu. Lakini ni sadfa ya kuikumbukia, maana herufi hii nayo ni ya sokoni.

Asili yake ni kauri, ganda lile dogo linalong'aa ambalo watu wa mwambao wetu wanalijua vyema. Katika mifupa na magamba ya kobe ya enzi ya Shang, ya wafalme wa China ya kale, ambayo maandishi yake yalitambuliwa na wasomi mwaka 1899, herufi hii huchorwa kama kauri yenye mwanya katikati. Anyang, mji mkuu wa mwisho wa Shang, uko bara, mbali na pwani, kwa hiyo kauri ilithaminiwa mno. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lilipofukuliwa mwaka 1976, lilikutwa na kauri zaidi ya 6,000. Karibu mwaka 100 BK mwanazuoni Xu Shen alieleza kwamba watu wa kale walizifanya kauri kuwa mali, hadi enzi ya Qin ilipoziacha na kutumia sarafu.

Kauri zilitoka mikobani zikabaki katika maandishi: 財 ni mali, 貨 ni bidhaa, 貴 ni ghali, 賄 ni hongo. Ninayoipenda kuliko zote ni 貧, umaskini, ambamo 分, kugawanya, imekaa juu ya kauri, ingawa sehemu hiyo huonyesha pia matamshi.

Hata hivyo tusiione kauri kila mahali. Katika 則, kanuni, na 員, mwanachama, maandishi ya kale yanaonyesha chungu cha shaba cha miguu mitatu, ambacho waandishi walikifupisha hadi kikafanana na kauri.

Tangu marekebisho ya mwaka 1956, China bara huandika 贝, na katika 买, kununua, na 卖, kuuza, kauri imetoweka kabisa, jambo ninalolisikitikia kwa dhati. Wajapani wangali wanaandika 買, kununua, pamoja na kauri yake, ilhali kwao 貝 peke yake, isomwayo kai, humaanisha tu makombe ya baharini, ya kuliwa na ya kuokotwa ufukweni.