Karama, Karimu, Karamu

RISPER: Bwana asifiwe, wapendwa, popote mnapotusikiliza. Hapa Kisumu mvua inamalizia kunyesha, kwa hiyo mkisikia matone juu ya mabati, mtuvumilie. Mimi ni Risper, na niko na Mwalimu, ambaye amepanda matatu asubuhi kutoka Vihiga. Karibu, Mwalimu.

MWALIMU: Asante, dada. Bwana asifiwe.

RISPER: Amina. Leo tunazungumza juu ya karama za Roho, yaani vipawa ambavyo Roho Mtakatifu huwapa waumini. Naomba nianze na jambo langu mwenyewe, kwa sababu nikianza na mafungu ya Biblia nitajificha nyuma yake.

MWALIMU: Anza, nakusikiliza.

RISPER: Nilikuwa kidato cha pili. Kulikuwa na kesha, kanisa silitaji. Usiku wa manane wakaita mbele wale ambao hatujanena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno ya Roho ambayo hata mnenaji mwenyewe hayaelewi. Tulikuwa wasichana sita. Watano wakanena, wakarudi kuketi. Nikabaki mimi. Mtu akanishika kichwa akaniambia, "Rudia haya ninayosema, haraka haraka." Nikarudia. Ulimi unakwenda, moyo uko kimya kabisa. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nikarudi kwenye benchi nikijua nimemdanganya Mungu mbele ya watu wake.

MWALIMU: Pole sana, dada yangu.

RISPER: Nililibeba hilo miaka mingi. Kila nikiomba najiona kama mtoto wa kambo ndani ya nyumba.

MWALIMU: Na hakuna aliyekusomea Wakorintho wa Kwanza sura ya 12 mpaka mwisho?

RISPER: Tulikuwa tunaishia mstari wa 10, pale penye orodha.

MWALIMU: Mngefika wa 30. Paulo anauliza, "Wote wanena kwa lugha?" Kwa Kigiriki, lugha aliyoandikia Paulo, swali lile limefungwa kwa namna ambayo jibu ni moja tu: la. Ni kama mtu akikuuliza, "Kwani sisi sote hapa ni madaktari?" Hata hangoji umjibu.

RISPER: Mstari mmoja tu, Mwalimu. Ungeniokoa.

MWALIMU: Tena angalia orodha zenyewe. Sura ya 12 mwanzoni anataja karama tisa. Akiwaandikia Warumi, sura ya 12 pia, anataja saba, na kunena kwa lugha hakumo. Kumo kufundisha, kumo kukirimu, kumo kurehemu, tena anasema mwenye kurehemu arehemu kwa furaha. Waefeso 4 ana mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu. Hakuna orodha inayolingana na nyingine. Mtu anayetaka kukagua waumini kwa orodha hataweza, maana Paulo mwenyewe hakuifunga.

RISPER: Mimi siku hizi nafikiria sana lile neno lenyewe, karama. Tumelizoea kanisani mpaka hatulisikii tena. Lakini linatoka kwenye shina moja la Kiarabu na karimu, na ukarimu, na karamu. Mtu karimu akiandaa, watu wanakula karamu. Sasa karama inakuwaje kitu cha kujivunia? Wewe umealikwa mezani, umepakuliwa, halafu unajigamba kwa jirani kwamba sahani yako imejaa?

MWALIMU: Umegusa penyewe. Na Kigiriki kinafanya hivyo hivyo. Neema ni charis, karama ni charisma. Karama ni neema iliyofika mkononi mwa mtu fulani ikawa kazi. Ndiyo sababu Paulo, kabla hajafika sura ya 12, ameshawauliza katika sura ya 4, "Nawe una nini usichokipokea?" Swali hilo likikuingia, hutasimama tena mbele ya mwenzako kifua mbele.

RISPER: Na hawa Wakorintho walikuwa na shida gani hasa?

MWALIMU: Walikuwa na kila kitu, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Ule ulikuwa mji wa biashara wenye bandari upande wa mashariki na upande wa magharibi. Kenkrea, ile ya dada Fibi wa Warumi 16, ndiyo ya mashariki. Matajiri wamo, watumwa wamo, wageni kutoka kila bahari. Paulo alikaa nao mwaka mmoja na miezi sita, kisha akawaandikia kutoka Efeso, yapata mwaka 54 au 55. Mwanzoni kabisa anakiri kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Lakini fungua sura ya 11 uone wanavyokula chakula cha Bwana. Mmoja ana njaa, mwingine amelewa.

RISPER: Yaani karama wanazo, karamu imewashinda.

MWALIMU: Imewashinda kabisa. Na sura ya 12 inafuata hapo hapo. Anaposema kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho "kwa kufaidiana," anawaambia watu waliokuwa wakinyimana chakula.

RISPER: Sikuwahi kuziunganisha hizo sura mbili.

MWALIMU: Kuna neno lingine ningependa tulitazame, maana tuko kando ya ziwa. Mstari wa 28. Katika Biblia yetu ya Kiswahili imeandikwa "masaidiano, na maongozi." Hayo maneno mawili tunayapita mbio ili tufike kwenye miujiza na lugha. Hilo la maongozi kwa Kigiriki ni kazi ya yule anayeshika usukani wa chombo. Neno la ukoo huo huo ndilo linalotumika katika Matendo 27 kwa nahodha wa ile merikebu iliyovunjika Paulo akiwa ndani.

RISPER: Basi nikuambie, mimi nimepanda mashua pale Dunga mara nyingi. Anayeongoza hukaa nyuma kabisa. Abiria wote wanamgeuzia mgongo. Wanatazama maji, wanatazama ndege, wanapiga picha. Yeye anatazama upepo, anatazama magugu maji yamesogea wapi. Siku gugu limefunga njia ndipo watu wanageuka nyuma kumtazama.

MWALIMU: Kanisani kwetu huyo ni yule mzee wa daftari. Mtu akifiwa, kabla turubai halijafungwa, yeye ameshafika na daftari lake la mistari na kalamu mbili. Nani ametoa nini, maziwa yanatoka kwa nani, viti vitarudi lini, gari la kubeba mwili limelipwa kiasi gani. Matanga yanakwisha, familia haina ugomvi wa pesa hata shilingi. Nimemfahamu miaka zaidi ya thelathini, na sijawahi kusikia mhubiri akisema mtu huyu ana karama ya Roho.

RISPER: Atasema ana bidii.

MWALIMU: Atasema ana bidii. Inaniuma, dada. Roho wa Mungu ametajwa waziwazi katika Kutoka 31 akimjaza Bezaleli ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Fundi!

RISPER: Lakini Mwalimu, hapo niseme ukweli wangu. Baada ya lile kesha mimi niliweka mpaka. Nikisikia mtu ananena kwa lugha karibu nami, nasogea. Moyoni nilishasema hayo si ya lazima, kanisa lingeishi vizuri bila hayo.

MWALIMU: Hapo nitakupinga, kwa upendo.

RISPER: Nipinge.

MWALIMU: Nyanya yangu alikuwa mtu wa Roho. Kanzu nyeupe, ngoma, kuimba barabarani Jumapili nzima, miguu imejaa vumbi jekundu la Vihiga. Na babu upande wa mama alikuwa Mkweka, yaani wa kanisa la Marafiki (Friends), watu wa kuketi kimya mpaka moyo utulie. Unajua Wakweka walifika Kaimosi mwaka 1902, wakajenga misheni ya ibada na ya kazi za mikono, kinu cha kupasua mbao kikiwemo. Mwaka 1927 ukaja uamsho pale pale Kaimosi. Watu wakalia, wakaungama dhambi, wakanena kwa lugha. Viongozi hawakukubaliana nao, na baada ya muda wengi walijikuta nje, na makanisa ya Roho yakakua kutoka hapo. Nyumbani kwetu mgawanyiko ule ulikaa meza moja. Babu akimwona nyanya na ngoma anatikisa kichwa. Nyanya akimwona babu amefumba macho kimya anasema, "Huyo amelala."

RISPER: Ndiyo yale Paulo aliyoyakataa katika sura ile ile ya 12: jicho linauambia mkono, "Sina haja na wewe."

MWALIMU: Na mkono unalijibu jicho vivyo hivyo! Hilo ndilo ninalotaka ulisikie. Waliokushika kichwa walikukosea, tena vibaya, na Mungu anajua. Lakini nyanya yangu hakumlazimisha mtu. Alikuwa anaamka saa kumi ya usiku, ananena na Mungu wake polepole nyuma ya jiko, na mimi mtoto nimelala pale sikuogopa hata siku moja. Ile ilikuwa neema. Petro anaandika tuwe "mawakili wema wa neema mbalimbali za Mungu." Neno lake la "mbalimbali" kwa Kigiriki ndilo linalotumika pia kwa ile kanzu ya Yusufu katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale. Ni neno la rangi nyingi. Ukichomoa uzi mmoja kwa sababu ulikuchoma kidole, umeharibu kanzu.

RISPER: (ananyamaza kidogo) Hilo nitakwenda nalo nyumbani. Sitasema limeisha leo.

MWALIMU: Hakuna anayekuharakisha.

RISPER: Ngoja basi nimseme mtu mmoja, bila jina. Mama yangu alipolazwa hapa mjini, watu wengi walikuja. Waliomba kwa sauti, walitabiri, mmoja alisema mama atatoka siku ya tatu. Hakutoka siku ya tatu. Lakini kuna mama mmoja wa kanisani, anauza mboga Kondele, hajawahi kushika maikrofoni. Kila jioni akishafunga kibanda alikuja na chupa ya uji wa wimbi. Alikuwa anamimina kwenye kikombe, anakipeleka shavuni mwake kwanza kuona kama kimepoa, ndipo anampa mama. Kisha anakaa. Hasemi kitu. Anamkanda miguu kwa mafuta ya kujipaka, mpaka muuguzi aje aseme muda umekwisha. Siku kumi na tisa. Mama alilala vizuri siku zile tu ambazo huyo mama alikuwa amekuja.

MWALIMU: Mwenye kurehemu, kwa furaha.

RISPER: Furaha hiyo niliiona kwa macho. Alikuwa hata anacheka na wagonjwa wa vitanda vya jirani. Na mimi niliyejiona mtoto wa kambo, pale ndipo nilipohisi kwa mara ya kwanza kwamba Mungu ameniletea chakula na mimi.

MWALIMU: Umewahi kumwambia?

RISPER: Kumwambia nini?

MWALIMU: Kwamba hiyo ni karama. Kwa neno hilo hilo.

RISPER: Sijawahi. Nilimshukuru tu, nikamnunulia leso.

MWALIMU: Jumapili mtakutana?

RISPER: Jumapili yuko zamu ya kuosha vikombe vya chai.

MWALIMU: Basi chukua kitambaa, uwe unakausha.