Kufukuzwa Kazi kwa Kosa Ulilokwisha Kulitumikia

Nianze na barua. Nimezishika nyingi, na zote ni kama mapacha: "Tumebaini kuwa uliwahi kutiwa hatiani. Ajira yako imesitishwa kuanzia leo." Basi. Kosa gani? La lini? Linagusaje kazi yako? Kimya. Na mwenyewe, mtunza stoo wa miaka 9 bila onyo hata moja, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni, anakwenda kurudisha funguo.

Funguo rudisha, ni za watu. Ila ukiambiwa usaini, andika "nimepokea" na tarehe. Usiandike "nimekubali"!

Wale mlionizoea mnajua sasa namleta Buck Green. Mtanivumilia. Mmarekani mweusi, alikataa kuingizwa jeshini, akafungwa miezi 21. Mwaka 1970 akaomba ukarani kwenye kampuni ya reli ya Missouri Pacific, St. Louis. Hakuficha kitu, aliulizwa akasema. Wakamkataa, maana tangu 1948 walikuwa na kanuni yao: ukishatiwa hatiani, ukiacha makosa madogo ya barabarani, huingii. Karani, jamani! Aliyekataa bunduki atashindwaje kupanga mafaili? Mwaka 1975 mahakama ya rufani ikaona kanuni hiyo inawaumiza zaidi weusi, na mwaka 1977 ikaafiki amri kwamba yatazamwe mambo matatu: uzito wa kosa, muda uliopita, na kazi yenyewe. Yeye alikuwa anaomba kazi. Mimi nauliza: aliyekwisha kuifanya miaka 9 je?

Najua kuna anayenung'unika pale nyuma, "huyu anatetea wezi." Hapana. Aliyeiba fedha za mwajiri mwaka jana sikuombi umkalishe dirishani kwa keshia. Na aliyedanganya kwenye fomu yuko pabaya, maana ataondolewa kwa uongo wake. Ingawa Uingereza, kwa sheria ya 1974, kosa ambalo muda wake wa kuhesabika kisheria umekwisha hulazimiki kulitaja, wala si sababu halali ya kukufukuza. Kazi kama za kulea watoto zina masharti yake.

Haraka haraka sasa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, kwa nchi zilizouridhia: sababu halali iwepo, na ujitetee kwanza. Muda wa kufungua shauri ni mfupi, kwingine siku 30 tu, kwa hiyo usikae ukisubiri bosi apoe. Fidia... mwenyekiti ananionyesha saa, fidia tuiache.

Maswali. Nani amekuja na barua? Ilete hapa mbele, tuisome.