Ijumaa jioni Borough Park: bibi kasema "humu giza", nikaelewa

Asalam alaykum, mambo zenu, karibuni tena. Leo nipo nje hapa Borough Park, mtaa wa Wayahudi wa dini huku Brooklyn, New York, sikieni hicho king'ora... msiogope, hakuna moto wala polisi, ni Ijumaa tu, watu wanaambiwa jua linakaribia kuzama kawasheni mishumaa. Wengi mmeniuliza kwenye komenti, we Mpemba unafanya kazi kwa Wayahudi unaonaje, haya leo nawapa, ila mtu asinianzishie siasa, mi naongelea mambo ya jikoni.

Kazi yangu ni kumuangalia bibi mmoja kapita miaka 90. Wenzangu kazini huwa wanachanganyikiwa, Sabato si Jumamosi, mbona inaingia Ijumaa jioni? Mimi wala haikunisumbua, kwetu si ndo hivyohivyo, magharibi ya Alhamisi ikiingia ushaita usiku wa Ijumaa. Mishumaa inawashwa dakika 18 kabla jua halijazama na haipungui miwili, maana Torati imeitaja Sabato kwa maneno mawili, nyie Wakristo fungueni Kutoka 20 mtakuta "ikumbuke", halafu Kumbukumbu la Torati 5 mtakuta "ishike", kila neno na mshumaa wake.

Sasa Ijumaa yangu ya kwanza naingia chooni nakuta karatasi zishachanwa vipande vipande zimepangwa kwenye boksi, nikasema huyu bibi bahili jamani, mpaka karatasi anahesabu! Kumbe kuchana karatasi nako ni kazi, na kazi siku ya Sabato marufuku. Kazi zenyewe ziko 39, kushona, kuandika, kuwasha moto, kupika, na marabi wamezitoa kwenye zile kazi za kujenga hema la ibada kule jangwani, kwa sababu Torati imeziweka habari za Sabato jirani na habari za hema. Umeme nao wanauhesabu humohumo. Chakula kinapikwa mapema kinaachwa juu ya bati kwenye jiko moto mdogo mpaka kesho mchana, maharage, shayiri, viazi, nyama, harufu yake usiku wa manane utaamka tu.

Basi natoka chooni, mi mtoto wa umeme wa kununua, nikazima taa. Yesu na Maria, wanasemaga wenzetu! Mwenyewe hawezi kuiwasha, na mimi hatakiwi kuniamuru niiwashe, kumtuma asiye Myahudi akufanyie wamejiwekea mipaka. Bibi akasimama mlangoni kimyaa, halafu akasema, "Leo humu giza sana." Akaondoka zake. Jamani mi nimelelewa na mawifi na khanga zao, fumbo hilo litanipitaje? Nikawasha. Hajasema asante, hajasema kitu, ila asubuhi sahani yangu ilijaa.

Na msidhani ni watu wa kuacha mtu afe kisa Sabato, hapana, uhai unatangulia, ambulensi zao za kujitolea zinakimbia usiku huohuo na simu zinapigwa.

Niliwahi kukorogea maziwa kwa kijiko cha nyama, hiyo nayo ikapigiwa simu kwa rabi, kijiko kikapelekwa kuchemshwa. Maziwa na nyama havikutani, masinki mawili, sufuria mbali mbali. Nikamuuliza mwanawe wa kike, hivi hamchoki? Akanionesha mkate, akauchovya kwenye chumvi, akaniambia zamani sadaka za Hekaluni Yerusalemu zilitiwa chumvi, Warumi wakalibomoa mwaka 70, sasa hakuna madhabahu wala sadaka, meza ndo imebaki. Nikaiangalia ile meza nikajua kwa nini siruhusiwi kuweka mkoba wangu juu yake.

Haya nimalizie hii niliyotaka kuwaambia tangu mwanzo. Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana Sabato inatoka, wanawasha mshumaa mmoja uliosukwa kama nywele, kikombe cha divai, halafu kikopo cha viungo kinapita mkono kwa mkono kila mtu ananusa. Bibi akanipa na mimi. Nanusa... karafuu! Karafuu kavu, ile ya kwenye jamvi mbele ya nyumba kwetu Wete. Nikamwambia bibi hii ya kwetu hii, hajui Pemba iko wapi, akachota tatu akanifungia kwenye tishu. Hizi hapa, ngoja niwasogezee kamera.