Mechi ya Kumi

Asanteni. Mada iliyoandikwa ubaoni inauliza kama kijana aliyechaguliwa juu kabisa kwenye drafti ya NHL aingie ligi kuu msimu uleule au asubiri. Drafti, ndugu zangu, siyo ile ya vifuniko vya soda barazani, ni klabu kuchagua vijana kwa zamu. Na NHL ni ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, hoki ya barafuni, ile ambayo Nairobi walijifunzia ndani ya hoteli. Sheria za mchezo sitazirudia, mnazijua.

Watu huuliza, "Dogo yuko tayari?" Swali hilo linapendwa redioni kwa sababu halina jibu. Yuko tayari kwa lipi? Mimi huuliza hivi: akifika, atakaa wapi? Atacheza zamu ngapi, kati ya nani na nani, na adui akipewa adhabu ya dakika mbili, yeye atakuwa barafuni au atakuwa anashika chupa ya maji benchi? Nijibu hayo, halafu nami nitakwambia aende au abaki.

Tupige hesabu, maana bila hesabu hapa tunapiga soga. Mechi ni dakika 60. Kocha ana safu nne za washambuliaji, watatu watatu, na jozi tatu za mabeki. Zamu moja ni sekunde 40 hadi 50, unatoka unahema. Safu ya kwanza inakula dakika 18 hadi 20. Safu ya nne inaambulia 8 hadi 10. Mweke kijana wa miaka 18 safu ya nne, mpe dakika 10: hizo ni zamu 13 hivi. Zidisha kwa mechi 82, kama ilivyokuwa hadi msimu wa 2025-26, unapata dakika 820. Kijana huyohuyo akirudi kwenye ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, WHL, ana mechi 68, na kama ni nyota anacheza dakika 22. Hizo ni karibu 1,500.

Mtaniambia dakika za NHL ni nzito zaidi. Nzito kwa kazi gani? Kazi ya safu ya nne ni kutoharibu. Kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, kikimfikia, anakipiga kwenye ubao wa pembeni ya uwanja kivuke mstari wa eneo lake, anakimbia kubadilishana na mwenzake. Akijaribu pasi ya katikati ikanaswa, zamu inayofuata haoni barafu. Fanya hivyo kuanzia Oktoba hadi Aprili, kijana uliyemchagua kwa sababu ya macho yake anajifunza kuyafumba. Kule kwenye ligi ya vijana, timu ikiwa watano dhidi ya wanne kwa sababu mpinzani ana mtu kwenye adhabu, kisahani ni chake: anasimama kando, anakishikilia sekunde mbili, anasubiri beki ahame nusu hatua. Kusubiri kule hakufundishwi benchi. Na wala mazoezini, kwa sababu NHL ina mechi tatu au nne kwa wiki na ndege katikati, na siku ya mazoezi kamili ni adimu.

Sasa namba ninayoipenda: kumi.

Klabu ikimsainisha kijana wa miaka 18 au 19, mkataba wake wa kwanza, ule wa bei nafuu kwa klabu, ni wa miaka mitatu. Akicheza mechi tisa za NHL au pungufu msimu huo, mkataba unasogezwa mbele mwaka mzima, kana kwamba haujaanza. Akigusa barafu mechi ya kumi, mwaka wa kwanza umeliwa, hata kama kesho yake anarudishwa kwa vijana. (Wale waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wana kipengele chao kinachowabana, tukiache.) Ndiyo maana kila Novemba mnasikia fulani "amerudishwa baada ya mechi tisa" mnashangaa. Hakuna cha kushangaa.

Mfano wangu mnaujua, na wapo mnaotabasamu tayari. Leon Draisaitl. Mjerumani wa Köln, alichaguliwa wa 3 mwaka 2014 akitokea Prince Albert Raiders. Edmonton, klabu iliyomchagua, ilimwingiza Oktoba ileile. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa na senta, yaani mshambuliaji wa kati, wa safu ya pili. Tazameni vizuri hapo. Haikuwa na nafasi iliyoandaliwa kwa ajili yake, ilikuwa na pengo, ikamtupia mtoto pengo lile. Nafasi ni pale penye mawinga wawili wanaojua kazi, na senta mkubwa mbele yako anayebeba safu ngumu za wapinzani. Pengo ni pale ambapo hakuna mtu, na timu inafungwa kila wiki. Desemba kocha akafukuzwa. Draisaitl akacheza mechi 37, mabao 2, pasi za mabao 7, jumla pointi 9, maana bao ni pointi moja na pasi ya bao pointi moja. Januari 2015 wakamrudisha kwa vijana, safari hii Kelowna Rockets.

Mechi thelathini na saba! Kama wangemtoa ya tisa, mkataba ungesogea. Kama wangemwacha msimu mzima, angalau wangesema walivumilia. Wakachagua katikati, mahali ambapo unalipa gharama zote mbili.

Na Kelowna alifanya nini? Akashika kisahani. Dakika nyingi, watano dhidi ya wanne, wenzake wazuri. Kelowna ikatwaa ubingwa wa WHL, ikaenda Memorial Cup, mashindano ya ubingwa wa ligi za vijana za Kanada, ikafungwa na Oshawa fainali kwa 2 kwa 1 muda wa nyongeza, na bado mchezaji bora wa mashindano akawa Draisaitl wa timu iliyofungwa. Msimu uliofuata akaanzia mechi chache AHL, ligi iliyo chini ya NHL, kule Bakersfield, akapandishwa, akamaliza na pointi 51 katika mechi 72. Kutoka 9 hadi 51. Mguu haukurefuka kiasi hicho kwa mwaka mmoja.

Sasa bili. Mwaka ule ulioliwa ulifanya mkataba wake wa kwanza uishe kiangazi cha 2017 badala ya 2018. Ulipoisha alikuwa ametoka msimu wa pointi 77. Akasaini miaka minane kwa dola milioni 68, yaani milioni 8.5 kwa mwaka, na kikomo cha mishahara ya timu nzima msimu ule kilikuwa milioni 75. Bila mechi zile 28 za ziada, msimu wa 2017-18 angecheza kwa mshahara wa msingi usiozidi dola 925,000. Tofauti ni zaidi ya milioni 7 kwa msimu mmoja, kwenye timu iliyokuwa ikihesabu senti.

Najua anayetaka kunikatiza. "Lakini milioni 8.5 ziligeuka bei ya karanga! Mwaka 2020 alichukua Hart Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa NHL, kwa pointi 110. Angesaini 2018 angedai zaidi." Ni kweli kabisa. Ila hiyo ni bahati ya mtu aliyenunua ng'ombe kwa makosa, kumbe ng'ombe ana mimba na muuzaji hakujua. Siku mkataba ule unasainiwa wengi walisema Edmonton imelipa kupita kiasi. Huwezi kupanga makosa yako kwa kutegemea mchezaji aje kuwa bora wa ligi. Klabu ambayo mwaka wake umeliwa, na kijana wake asifike huko, haina cha kujisifia. Haya, tuendelee, nimekaa hapo sana.

"Mbona McDavid?" Nilijua. Kila ukumbi kuna McDavid. Connor McDavid, chaguo la kwanza la 2015, aliingia Edmonton mwaka uleule, akavunjika mfupa wa bega Novemba, akarudi, pointi 48 katika mechi 45. Connor Bedard wa Chicago 2023-24, pointi 61 katika mechi 68, taya limevunjika katikati ya msimu. Macklin Celebrini wa San Jose 2024-25, pointi 63 katika mechi 70. Matthew Schaefer, beki, aliyezaliwa siku kumi tu kabla ya tarehe ya mwisho ya drafti yake, aliingia New York Islanders Oktoba 2025, na ndani ya wiki chache kocha alikuwa akimpa zaidi ya dakika 20. Hawa wote walikaa wapi? Safu ya kwanza au ya pili, na wakati wa adhabu za wapinzani walikuwa barafuni. Wananiunga mkono, hawanipingi. Na kuumia si hoja ya umri. McDavid aligongeshwa ubaoni akiwa katikati ya mabeki wawili. Angekuwa na miaka 27 mfupa ungevunjika vilevile.

Juraj Slafkovský ndiye mwenye funzo. Chaguo la kwanza la drafti ya 2022, na Montreal. Mslovakia, alikuwa akicheza Finland, kwa hiyo hakubanwa na mkataba wa ligi za Kanada: angeweza kupelekwa Laval, timu ya Montreal ya AHL, dakika chache kwa gari. Wakambakiza juu. Mechi 39, pointi 10, goti likamtoa Januari. Msimu wa pili pointi 50. "Umeona? Alijifunza palepale!" Hapana, tazama kalenda. Msimu wa pili nao ulianza kwa kusuasua, hadi alipowekwa safu moja na Suzuki na Caufield, nyota wa Montreal, na kuachwa hapo. Kilichobadilika ni kiti.

Nimegusia milango, yaani ligi ambazo kijana anaruhusiwa kwenda, niieleze, maana hapa ndipo wazazi wanapopotea. Kijana wa miaka 18 aliyechaguliwa kutoka ligi za vijana za Kanada, yaani OHL, WHL au ile ya Quebec, ana milango miwili tu: NHL au kurudi. AHL imefungwa kwake, kwa makubaliano ya ligi, mpaka afike miaka 20 au awe amemaliza misimu minne ya vijana. Aliyetoka Ulaya ana mlango wa tatu. David Pastrnak, wa 25 mwaka 2014, alitoka Sweden, akaanza Providence, AHL, akiwa na miaka 18, akapanda Boston msimu huohuo akiwa ameshapata moto. Shane Wright hakuwa na njia hiyo. Wa 4 mwaka 2022, Seattle ikamkalisha jukwaani mechi tano mfululizo ili iweze kumkopesha AHL kwa wiki mbili kwa kisingizio cha kurudisha utimamu. Mechi tano, mabao 4. Baadaye akaenda kuwa nahodha wa Kanada kwenye mashindano ya dunia ya vijana, kisha akarudishwa OHL. Jumla ya NHL msimu ule: mechi nane. Mtu fulani Seattle alijua kuhesabu. Msimu uliofuata AHL mabao 22, kisha ligi kuu mabao 19. Mkataba mpya wa pamoja kati ya NHL na chama cha wachezaji, kuanzia msimu wa 2026-27, unaruhusu kila klabu kijana mmoja wa miaka 19 kutoka ligi hizo kwenda AHL. Wa miaka 18 bado yuko palepale.

Fedha. "Atapoteza milioni!" Kwa waliochaguliwa 2024 na 2025 mshahara wa juu ni dola 975,000, na hadi asilimia 10 inaweza kuwa ada ya kusaini. Ada hiyo hulipwa hata mkataba ukisogezwa. Hizo ni karibu laki moja ya dola kwa kijana anayelala nyumbani kwa familia iliyompokea na kula wali wao. Fedha kubwa iko kwenye mkataba wa pili, na mkataba wa pili unaamuliwa na pointi.

Vyuo vya Marekani, haraka haraka. Mechi Ijumaa na Jumamosi, Jumatatu hadi Alhamisi mazoezi na vyuma. Kwa kijana mwembamba hakuna ratiba bora. Cale Makar, wa 4 mwaka 2017, alikaa chuo cha Massachusetts misimu miwili, akaingia Colorado katikati ya mtoano wa 2019, akafunga mechi yake ya kwanza. 2022 alikuwa na kombe la ubingwa, Norris, tuzo ya beki bora, na Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Owen Power, chaguo la kwanza 2021, alirudi Michigan mwaka mmoja. Msiniletee "haraka haraka haina baraka" kwa ajili ya Makar, kwa sababu Celebrini naye alitoka chuo baada ya mwaka mmoja na haraka yake ilikuwa na baraka tele. Angalizo moja: wa chuo akisaini, mlango wa chuo umefungwa, hakuna majaribio ya mechi tisa. Na tangu Agosti 2025 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, inawapokea waliocheza ligi za vijana za Kanada, ambao zamani iliwahesabu kuwa wa kulipwa. Gavin McKenna alitoka Medicine Hat ya WHL akaenda chuo cha Penn State kiangazi hichohicho. Hilo lingehitaji mhadhara wake.

Mabeki nilikuwa nimewatengea dakika tano, zimekwisha. Neno moja: beki anahitaji mwenzi mzee kwenye jozi yake, na klabu isiyo na mzee huyo isimwite kijana.

Makipa, hapana, jibu ni hapana. Marc-André Fleury, chaguo la kwanza 2003, alicheza Pittsburgh mechi 21, akarudishwa vijana. Carey Price alirudi Tri-City kwa vijana, akapitia Hamilton, akatwaa Calder Cup, kombe la AHL, 2007, ndipo akaingia Montreal. Kipa kiti ni kimoja, na hakuna safu ya nne ya kumficha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali, tuanze na yule wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja McDavid.