Maneno wanayajua kwa macho, masikio hayayajui

Haya jamani tuanze, mliosimama huko nyuma sogeeni viti vipo huku mbele. Asanteni kwa kuja Jumapili, najua wengine mna maabara na wengine mlitaka kulala tu. Nimeombwa niongee na nyie mnaojitolea kwenda shule za sekondari ya juu hapa Jinhua, China, kuwafanyisha watoto mazoezi ya Kiingereza, na mimi leo naongelea kusikiliza na kusoma basi, kuandika na kuongea tutafutiane siku nyingine maana nikianza huko hatutoki humu ndani.

Kwanza mjue mnaingia kwenye nini. Hawa watoto kila wanachofanya kinaelekea gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, na gaokao si kama form six yetu kwamba ukikosa hapa unajaribu kule. Mwaka 2024 waliojiandikisha nchi nzima walikuwa milioni 13.42. Jumla maksi 750, na Kiingereza kina 150, sawasawa na hesabu, sawasawa na Kichina chenyewe. Pepa ya Kiingereza inakaliwa tarehe 8 Juni saa 9 alasiri mpaka saa 11 jioni, na ikifika saa 8 na dakika 45 mlango unafungwa, hata uje unalia, kwa sababu inaanza sehemu ya kusikiliza na mtu hawezi kuingia wenzake wakiwa wanasikiliza. Siku hiyo mpaka madereva wanaombwa wasipige honi karibu na vituo vya mtihani. Hapa mkoa wa Zhejiang wana bahati kidogo, Kiingereza wanakaa mara mbili, Januari na Juni, halafu yanachukuliwa matokeo mazuri zaidi. Lakini msidhani bahati hiyo inawatuliza wazazi. Mtihani wa Novemba 2018 hapahapa mkoani (enzi hizo awamu ya kwanza ilikuwa mwezi huo), walipobadilisha namna ya kuhesabu maksi kwenye kusoma na kuandika, wazazi walikuja juu mpaka mkoa ukafuta mahesabu yale na kurudisha maksi kama mwanafunzi alivyozipata. Kwahiyo mkiona mama amekaza uso kwa ajili ya maksi moja na nusu msimshangae.

Na hiyo moja na nusu sijaitaja bure, ndiyo thamani ya swali moja la kusikiliza. Maswali 20, jumla 30. Kusoma kuna 50. Ukijumlisha hapo ni 80 kati ya 150, ndo maana nimechagua haya mawili.

Sasa sehemu ya kusikiliza inavyokwenda. Kuna maongezi mafupi 5, kila moja swali moja, na yanapigwa mara MOJA tu. Halafu kuna marefu 5 yenye maswali 15, hayo yanapigwa mara mbili. Kila swali majibu matatu, A, B, C. Kabla ya yote kuna ule mfano wa shati, mwanafunzi yeyote wa China mwambie shati bei gani atakujibu bila kufikiri, pauni 9 na peni 15. Miaka na miaka shati halijapanda bei, mfumuko wa bei haulijui. Watoto wanalitania sana, na nyie mkitaka kuvunja ukimya darasani siku ya kwanza anzeni na shati, mtapata kicheko cha bure.

Tuje kwenye tatizo lenyewe. Mtu akienda mara ya kwanza anadhani hawa watoto hawajui maneno. Wanajua! Wana orodha ya maneno elfu tatu na zaidi, asubuhi kabla ya vipindi wana kile kipindi cha kusoma kwa sauti wanaita zaodu, darasa zima limesimama kila mtu na kitabu chake anakariri, kelele kama mnada wa samaki Feri. Jioni wanarudi tena darasani kujisomea mpaka usiku. Maneno wamemeza. Shida ni kwamba wameyameza kwa macho, neno likiandikwa analitambua palepale na anakupa maana ya Kichina kabla hujamaliza kumuonyesha, ila neno hilohilo likipita kwenye spika katikati ya wenzake, halijui. Na walimu wengi (siwalaumu, wana wanafunzi hamsini darasani na silabasi inawafukuza) mtoto akifeli kusikiliza wanampa pepa nyingine ya kusikiliza, akifeli tena anapewa nyingine. Hiyo ni kupima homa mara kumi halafu unashangaa mbona haishuki.

Ngoja niwaonyeshe kwa karibu. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: I was going to pick it up at ten. Hakuna neno gumu hapo, mtoto wa darasa la sita anayajua yote. Sasa mpigie mwanafunzi wa kidato cha tano wa hapa, mwambie andika ulichosikia. Atakuandikia I was going, halafu mstari mtupu, halafu ten. Pale katikati amesikia kitu kama "pikitapa" na kwenye orodha yake pikitapa hamna. Kichina cha Mandarin silabi zake zinaishia kwenye irabu, au n, au ng, na ile r ya mwisho ya watu wa Beijing, basi. K au p au t mwishoni mwa neno hakuna, sasa ile k ya pick ikirukia kwenye it, na t ikirukia kwenye up, yeye anashindwa kujua neno limeishia wapi na lingine limeanzia wapi. Msicheke, sisi wenyewe wa Kiswahili silabi zetu zinaishia na irabu, ndo maana mjomba wangu mpaka leo anasema "buku" na "kapu". Tofauti ni kwamba sisi tumefundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza tangu form one, sikio limelazimishwa, wao Kiingereza ni kipindi kama historia, kikiisha wanarudi kwenye Kichina.

Kwahiyo dawa ninayoiamini mimi ni kukaa na sauti moja muda mrefu, na kuoanisha sikio na macho kwenye matini hiyohiyo. Chukueni rekodi ya dakika moja tu, moja na nusu ikizidi sana. Pigeni mara ya kwanza, vitabu vimefungwa, waulize inahusu nini, wakijibu kwa Kichina waacheni wajibu, mnapima kuelewa hapo hampimi kuongea. Mara ya pili imla: chagueni sentensi mbili tatu zenye yale maungio, waandike walichosikia hata kama ni upuuzi, muwaambie kabisa andika upuuzi uliousikia usiandike unachodhani ni sahihi. Halafu ndo mnagawa maandishi yake. Hapo ndipo utamu ulipo, utaona mtoto anajipiga paji la uso, kumbe neno analijua tangu shule ya msingi! Apige mstari pale sikio lilipomtoroka. Kisha wasome kwa sauti wakiifuata rekodi nyuma kidogo, waige namna maneno yanavyoshikana, maana mdomo ukishaweza kuunganisha pick it up sikio nalo linaanza kulikubali. Kesho yake mnapiga tena rekodi ileile bila maandishi. Dakika moja ya sauti inaweza kula kipindi kizima cha dakika 40 na mwalimu wa darasa akakuangalia vibaya kwamba mbona mmefanya kitu kimoja tu, mueleweshe taratibu, ni laoshi, yaani mwalimu, mwenzako, usimbishie mbele ya wanafunzi.

Kupunguza kasi je? Wiki za mwanzo sawa. China watu wengi walijifunza kusikiliza kupitia matangazo ya polepole ya VOA, redio ya Marekani, yale ya Kiingereza chepesi yaliyoanza 1959, na kwa kuanzia ni mazuri. Ila ukipunguza sana kila neno linasimama peke yake na ule ushikanaji ambao ndo ugonjwa wenyewe unapotea, mtoto anafurahi anaelewa kila kitu, anaingia chumba cha mtihani anakutana na watu wanaongea kawaida. Mimi nasema pandisheni mapema.

Kuhusu mbinu za mtihani nitasema machache tu. Kabla ya kila maongezi kuna sekunde chache za kusoma maswali, nyingi haziendi kwenye kusoma, zinaenda kwenye kulilia swali lililopita. Mtoto kakosa namba 3, anaendelea kuifikiria, namba 4 inapita, namba 5 nayo imeenda. Wafundisheni kuacha, weka jibu lolote songa mbele. Pili, majibu yote matatu huwa yanaweza kutajwa kwenye maongezi. Mwanamke anauliza treni inaondoka saa ngapi, mwanaume anasema saa 3 na robo, tuna nusu saa bado, halafu swali linauliza SASA HIVI ni saa ngapi. Aliyedaka saa 3 na robo akaruka nayo ameliwa. Tatu, mwanamke na mwanaume. Kichina ukisema tā ni yeye, awe baba awe mama, kwahiyo he na she zinawachanganya sana na maswali mengi yanauliza mwanaume atafanya nini, mwanamke ana maana gani. Hapo mna la kuwaambia maana na sisi "yeye" yetu haina jinsia, mangapi tumeyasema ya "my sister he is sick" jamani.

Simu sahauni. Tangu 2021 wizara yao ya elimu ilisema wanafunzi kimsingi wasiingie na simu shuleni, kwahiyo usiende na mpango wa "pakueni apu fulani", utaonekana huijui nchi. Mtatumia spika ya darasani na ile skrini kubwa, rekodi uje nayo kwenye flashi.

Tuingie kwenye kusoma. Kuna matini nne, ya kwanza ni vitu kama tangazo la makumbusho au ratiba ya safari, ya pili mara nyingi kisa cha mtu, mbili za mwisho ni sayansi na hoja ndo zinazoua. Halafu kuna ile yenye mapengo 5 na sentensi 7 za kuchagua, mbili ni chambo. Hiyo wengi wanaifanya kwa kutafuta neno linalofanana, ndo mtego wenyewe, waambieni waangalie this, they, however, vitu vinavyoonyesha sentensi imeshikana na iliyotangulia.

Kwenye matini ngumu shida yao kubwa ni sentensi ndefu. Sisi tunasema "kitabu nilichonunua jana", kitabu kwanza, maelezo baadaye, Kiingereza nacho hivyohivyo. Kichina kinageuza, maelezo yote yanatangulia, kitabu kinakuja mwisho. Sasa mtoto akikuta sentensi ya kisayansi ya mistari minne yenye which na that tatu, anaenda mpaka mwisho, anarudi nyuma kuipanga upya kichwani kwa Kichina, anaenda tena, anarudi, saa imekwisha. Msimwache atafsiri. Mwambie tafuta nani kafanya nini, kitenzi kikuu, yaliyobaki yafunge kwenye mabano, kisha yaachie yaingie moja moja kwa mpangilio yalivyo. Fanyeni sentensi mbili kwa siku ubaoni, zinatosha.

Lakini hilo nalo halitoshi kama hasomi. Na hapa mimi nina ugomvi kidogo. Mtaala wao wenyewe wa 2017 unataka mwanafunzi, nje ya darasa, hata kwenye ngazi ya lazima tu, asikilize si chini ya dakika 30 kwa wiki na asome si chini ya maneno 1500. Maneno 1500 ni kurasa nne tano! Ukiuliza wamesoma nini wanakuonyesha pepa za miaka iliyopita. Pepa si kusoma, pepa ni vipande vipande vya matini ngumu na wasiwasi juu yake. Wapeni hadithi nyepesi, zile zilizorahisishwa kwa viwango, na kipimo ni hiki, watafiti Hu na Nation mwaka 2000 walionyesha kwamba msomaji akitaka kuelewa vizuri bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno, yaani geni moja kwenye kila maneno 50. Kwahiyo afungue ukurasa wowote, akikuta mageni saba nane kitabu kirudi kabatini. Watakuambia laoshi hiki ni cha watoto wadogo. Mwambie asome vitatu hivyo kwa mwezi tuone. Na kile chenye sauti yake kichagueni kwanza, asikilize sura kabla ya kuisoma, hapo mambo mawili yanakwenda pamoja.

Kuna aliyeniandikia jana kuhusu lafudhi, kwamba mzazi mmoja kamuuliza kama anaongea Kiingereza "cha kweli". Usijilazimishe kuongea kama mtu wa London, utachekesha. Rekodi za mtihani zina lafudhi zake, watazisikia huko, wewe ongea wazi na kwa kasi ya kawaida, na Jinhua wameshatuzoea, taasisi ya masomo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang ipo tangu 2007.

Swali hapo mbele? Eeh dada. Anauliza mtoto ana wiki tatu tu kabla ya Januari na bado hasikii kitu, afanyeje. Wiki tatu sikio halitengenezwi lote. Mchukulie yale maongezi mafupi 5 tu, ya pepa moja, kila siku, imla kisha maandishi kisha kusoma kwa sauti kufuata rekodi, marefu ayaache mpaka wiki ya mwisho maana yanapigwa mara mbili yanamvumilia. Usimwongezee msamiati mpya hata mmoja, na kusoma aendelee na sentensi zake mbili kwa siku. Rekodi nilizozikata ziko kwenye ile flashi nyeusi hapo mezani, kopini kabla hamjatoka, na nani amechukua chaja yangu?