Fidia Yako Inaamuliwa Siku ya Fomu: Mhadhara kwa Wanaopisha Mradi

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu nyote mliojitokeza, na wenyeviti wa serikali za mitaa mlioketi hapa mbele, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu ili tuzungumze. Mimi ni mthamini kwa taaluma. Nimeombwa nieleze habari ya fidia pale Serikali inapotwaa ardhi, na kwa kuwa baadhi yenu mmeshatembelewa na wapima, sitazunguka.

Ninachotaka mkishike leo ni hiki: fidia yako inaamuliwa siku mthamini anaposimama uani kwako na fomu mkononi. Wengi huanza kuhangaika siku majina yanapobandikwa ofisi ya mtaa. Wakati huo namba zimeshaingia kwenye jedwali, Mthamini Mkuu wa Serikali ameshaidhinisha, na kuzibadili kunahitaji wakili na subira ndefu.

Kwanza tuondoe hofu moja. Kila ninapokwenda husikia, "Ardhi ni ya Serikali, sisi tutafanya nini?" Ni kweli Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ni kweli pia kwamba Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, iwe barabara, reli, shule au uwanja wa ndege. Lakini juu ya sheria hizo iko Katiba, na Ibara ya 24 inapiga marufuku mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Kwa hiyo Serikali ikishafuata utaratibu inaweza kutwaa, na wewe unaweza kudai malipo yanayostahili. Haki hizo mbili zinakwenda pamoja.

Na msidhani haya ni maneno ya kwenye karatasi tu. Kuna wakulima wawili waliyapigania mpaka mwisho. Mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa kijiji cha Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu wakati huo, walikuwa na ardhi ya kimila. Mwaka 1987 walishinda kesi ya kurudishiwa ardhi hiyo katika Mahakama ya Hakimu Mkazi. Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, ikatungwa Sheria Na. 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, ile kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Ikakataza fidia kwa haki zilizofutwa, na ikaziondolea mahakama uwezo wa kusikiliza madai hayo. Baba na mwana hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu kuhoji sheria yenyewe, wakashinda. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24. Ikaongeza kwamba fidia haiishii kwenye nyumba na miti. Aliyetia jasho lake katika ardhi anastahili kufidiwa hata kama hakuna jengo wala mti wa kuonyesha.

Niwakumbushe kwamba Sheria ya 1967 ilikuwa inasema ardhi tupu haina fidia. Baada ya hukumu ile, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, ziliandika wazi kwamba ardhi ina thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki, tena ilipwe kwa wakati. Mtu akikwambia leo kwamba shamba lako halina hatimiliki na kwa hiyo utalipwa mihogo peke yake, mtajie Lohay Akonaay.

Sasa tuingie kwenye fomu. Mthamini akifika anaandika jina lako, ukubwa wa eneo, nyumba na vipimo vyake, choo, kisima, uzio, zizi, kisha miti mmojammoja. Atakupiga picha mbele ya nyumba ukiwa umeshika kibao chenye jina lako na namba. Hiyo namba iandike mahali pako, maana ndiyo jina lako katika mradi mzima. Kisha fuatana naye hatua kwa hatua. Minazi inahesabiwa kwa umri na hali yake: mche, unaoanza kuzaa, unaozaa, uliozeeka. Nimeona kijana wa kushika daftari akiandika "minazi 14, michanga" huku madafu yanaonekana kwa macho. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka na jua lilikuwa kali, lakini mwenye shamba alikuwa amejikalia barazani akimchemshia chai. Tofauti ya mche na mnazi unaozaa ni kubwa, na huyo mwenye shamba angeisaini fomu ile kama tusingerudi kuhesabu upya.

Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na usisaini iliyojazwa kwa penseli. Ukiona kitu hakikuandikwa, sema pale pale mbele ya mwenyekiti au mtendaji, na kiandikwe. Ukishasaini, omba nakala. Ukinyimwa nakala, piga picha kila ukurasa kwa simu yako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi katika taaluma yangu. Kanuni za uthamini za 2001 zinasema thamani ya soko itafutwe kwa kulinganisha na mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana. Njia ya kukadiria gharama ya ujenzi imewekwa kwa mali za aina ya pekee zisizouzwa sokoni. Msikiti hauuzwi, kituo cha afya hakiuzwi, kwa hivyo hapo tunakadiria ujenzi. Lakini nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu inauzwa kila wiki katika mji huu! Hata hivyo uthamini mwingi wa fidia huhesabu gharama ya kujenga, halafu hutoa uchakavu. Nyumba ya miaka 30 inakatwa sehemu kubwa kwa sababu bati limeshika kutu na plasta imebanduka. Mwenye nyumba anapewa pesa ambazo haziwezi kumjengea nyumba mpya, kwa sababu fundi na duka la vifaa hawamkatii uchakavu. Naona hilo si haki, na sioni kama ndiyo maana iliyokusudiwa na kanuni.

Mnachoweza kufanya ni kukusanya ushahidi wa bei kabla mthamini hajafika. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, ombeni kuona mikataba ya mauziano ya viwanja vya jirani kwa mwaka huu na uliopita. Lakini hapa tuambizane ukweli. Wengi tukiuza kiwanja huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mkataba unasema milioni 8 na mkononi zimepita milioni 20. Siku ya fidia mthamini anasoma milioni 8, na mtaa mzima unaumia kwa karatasi hiyo. Andikeni bei ya kweli.

Thamani ya mali si mwisho wa hesabu. Sheria inaongeza posho, na hizi ndizo hupotea kimyakimya. Niwape mfano wa kubuni. Tuseme nyumba na kiwanja chako vimethaminiwa shilingi 50,000,000. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara wastani wa riba ambayo benki za biashara hulipa kwa amana za muda maalumu za miezi 12. Riba ikiwa asilimia 8, ni shilingi 4,000,000. Kwa kupoteza makazi unalipwa kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara miezi 36. Ikiwa kodi ni 250,000, unapata 9,000,000. Juu yake kuna posho ya usafiri, yaani gharama halisi ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa kilomita 20. Kabla ya usafiri tumefika 63,000,000. Ukiona jedwali lina 50,000,000 tu na wewe unaishi ndani ya nyumba hiyo, uliza milioni 13 ziko wapi. Kiwanja kisichokaliwa na mtu hakipati posho ya makazi wala ya usafiri, kwa hiyo hapo msigombane bure.

Mama ntilie, fundi cherehani, wenye maduka na saluni: ninyi mna haki ya faida mnayopoteza, faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Mtaambiwa mlete hesabu zilizokaguliwa. Kanuni inataka hesabu hizo pale zinapohitajika na zinapowezekana, na kwa genge la nyanya haziwezekani. Lakini pelekeni kitu: makadirio ya kodi, leseni au kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, risiti za jumla, miamala ya simu, daftari la mauzo. Asiye na karatasi hata moja anamwachia mthamini akisie, na makisio huwa ya chini.

Kuna hili la barabara, najua limewaumiza wengi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo linalotengwa kando ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana mnaona X za rangi mbili ukutani. Nyekundu ina maana mwenye alama anahesabiwa amejenga ndani ya hifadhi ya zamani na hana fidia. Ya kijani ina maana amefikiwa na upanuzi, na anastahili kulipwa. Ukipigwa X nyekundu, jambo la kupima ni nani alitangulia, wewe au hifadhi. Tafuta kila kinachoonyesha tarehe: hati ya urithi wa shamba la babu, risiti za kodi ya zamani, ramani ya kijiji, ushahidi wa wazee. Na leta mtu mwenye futi kamba, upime mwenyewe kutoka katikati ya lami, kwa sababu mita moja inaweza kukutoa kwenye nyekundu na kukuweka kwenye kijani.

Makaburi yana sheria yake ya 1969. Inagusa gharama za kuhamisha, kuzika upya na ibada inayotakiwa. Familia zikae pamoja ziamue mapema nani atasimamia, maana ugomvi wa ndugu juu ya kaburi la bibi umechelewesha malipo ya wengi.

Ugomvi wa mirathi ndio mbaya zaidi. Shamba bado liko kwa jina la baba aliyefariki, watoto saba, kila mmoja anajiita mwenye mali. Malipo hayatoki hapo. Nendeni Mahakama ya Mwanzo mkaombe msimamizi wa mirathi ateuliwe sasa, kabla ya majina kubandikwa. Na kina baba, mke wako aandikwe kwenye fomu na apigwe picha pamoja nawe. Tumeona mwanamume akipokea fidia ya nyumba ya familia, akahamia mkoa mwingine, na mama na watoto wakabaki kwenye kifusi.

Nimebakiza muda, na muda ni pesa ya mwananchi. Wakazi wa Kipawa, waliopisha upanuzi wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, walifanyiwa uthamini mwaka 1997, na malipo yakaja zaidi ya miaka kumi baadaye. Miaka yote hiyo mtu haongezi chumba, hakarabati paa, hapandi mwembe, kwa sababu ameambiwa eneo limeshathaminiwa. Huko ndiko tulikotoka. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka mipaka: malipo yakipita miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, fidia inaanza kuzaa riba mpaka siku ya kulipwa. Ikipita miaka miwili, uthamini umekwisha nguvu na unatakiwa kufanywa upya. Kwa hiyo ulizeni kwa barua: Mthamini Mkuu aliidhinisha tarehe gani? Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala mbaki nayo. Mkilipwa mwezi wa kumi na moja tangu kuidhinishwa bila riba, mmepunjwa, hata kama fedha ni nyingi machoni.

Mkishindwa kuelewana, anzeni na pingamizi la maandishi kwa mthamini na kwa halmashauri, mkieleza kipi hakikuhesabiwa na kwa ushahidi gani. Malalamiko ya jumla, kwamba "fidia ni ndogo", hayamsaidii mtu. Andikeni: kisima cha futi kadhaa hakimo, minazi 14 imeandikwa michanga, posho ya makazi haipo. Mkifika mahakamani, kumbukeni kuishtaki Serikali kunataka notisi ya siku 90 kwanza, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe hata unapoidai halmashauri. Kesi nyingi nzuri zimetupwa kwa kukosea hapo tu. Na kupokea fedha bila neno lolote kunaweza kutumika dhidi yako baadaye. Ukiamua kupokea huku unapinga kiwango, andika hivyo kwa barua kabla ya kuchukua hundi.

Nimeona mikono, na maswali nitayajibu. Lakini naomba wenye nakala za fomu waje kwanza hapa mezani, tuzisome mojamoja na mwenyekiti akiwepo. Wenye X za kijani mkae upande huu, wenye nyekundu upande ule. Na yule mama wa shamba la mirathi aliyezungumza nami mlangoni, njoo na ndugu zako wote.